Sholay ilidhulumiwa? Tupime kwa mizani, si kwa kelele

Msomaji mpenzi, kuna ubishi usiokuwa na mwisho. Ule wa mpira unaujua, na ule wa siasa ndio usiseme. Lakini hebu fika mtaa wa Parklands jioni ya Jumamosi, uketi pale Diamond Plaza huku bhajia zikitoka moto kwenye karai na mogo ikinyunyiziwa pilipili na ndimu. Hapo utasikia ubishi wa namna nyingine kabisa, na wanaoubishania si watoto. Ni watu wazima na mvi zao, wanaopiga meza hadi chai ikamwagika, wakiulizana: ile tuzo ya mwaka 1976 ilikwenda kwa filamu iliyostahili, au watu walidhulumiwa mchana kweupe?

Pengine utauliza, jambo la nusu karne iliyopita, tena la huko Bombay, linatuhusu nini sisi wa Nairobi? Linatuhusu sana. Kabla runinga haijaingia kila sebule, sinema za Kihindi zilikuwa za wote jijini. Zilionyeshwa Shan pale Ngara, jumba ambalo siku hizi linaitwa Sarakasi Dome. Zilionyeshwa Liberty kule Pangani, na Odeon mjini. Waliokuwa na magari walikwenda Belle Vue kwenye Barabara ya Mombasa au Fox kwenye Barabara ya Thika, wakaegesha, wakatazama wakiwa vitini mwao na watoto wamelala nyuma. Hata asiyejua neno moja la Kihindi alimjua steringi ni nani na adui ni nani, na alijua wakati wa kulia ukifika. Baadaye zikaja kanda za video, na maduka ya kuzikodisha yakajaa Parklands, Ngara na Westlands. Kwa hiyo tukizungumzia filamu hizi hatuzungumzii mambo ya wageni, tunazungumzia malezi ya mji huu.

Sasa tuingie katika kesi yenyewe. Filmfare ni gazeti la sinema la India, na tuzo zake zilianza mwaka 1954 kwa kura za wasomaji wake. Mwaka 1976 zilikuwa zikitolewa kwa filamu za mwaka uliotangulia, na mwaka huo wa 1975 ulikuwa wa mavuno. Januari ilitoka Deewaar, iliyoongozwa na Yash Chopra. Tarehe 15 Agosti ikatoka Sholay, iliyoongozwa na Ramesh Sippy. Zote mbili ziliandikwa na watu wale wale wawili, Salim Khan na Javed Akhtar, maarufu kama Salim-Javed. Zote mbili zilikuwa na Amitabh Bachchan. Kwa maneno mengine, fahali wawili walitoka zizi moja, wakapigana katika uwanja mmoja.

Matokeo yalikuwaje? Deewaar ilizoa. Ilipata tuzo ya filamu bora, Yash Chopra akawa mwongozaji bora, Shashi Kapoor akawa mwigizaji msaidizi bora, na Salim-Javed wakachukua za hadithi, mswada wa filamu na mazungumzo. Sholay, filamu ambayo hata mtoto wa leo amewahi kuisikia, iliambulia tuzo moja tu, ya uhariri, iliyokwenda kwa M. S. Shinde. Moja, msomaji! Ndiyo maana meza zinapigwa mpaka leo.

Wanaoitetea Sholay wana hoja nzito, na haifai kuzipuuza. Filamu ile ilitengenezwa kwa upana wa milimita 70 na sauti inayokuzunguka ukumbini, kitu ambacho watazamaji wengi wa India hawakuwa wamekizoea. Majabali ya Ramanagara, karibu na Bangalore, yaligeuzwa kuwa nchi ya majambazi. Amjad Khan, ambaye hakuwa na jina wakati huo, aliingia kama Gabbar Singh na kuwatia watu hofu ambayo haijawatoka. Kuna Sanjeev Kumar kama Thakur aliyekatwa mikono, Dharmendra na Hema Malini wa kutuchekesha, na Jaya Bhaduri, mjane anayewasha taa bila kusema neno huku Amitabh akipuliza kinanda cha mdomo. Magazeti mengi yaliiponda ilipotoka. Watu hawakuyasikiliza. Katika jumba la Minerva huko Bombay, filamu hiyo ilionyeshwa kwa zaidi ya miaka mitano mfululizo. Fikiria mtoto aliyezaliwa wiki ilipoanza, akawa anajua kusoma kabla haijaondolewa!

Wanaoitetea Deewaar nao hawakosi la kusema. Hapo hakuna farasi wala majabali. Kuna mama na wanawe wawili. Baba yao, kiongozi wa wafanyakazi, analazimishwa kuwasaliti wenzake ili kuiokoa familia yake, kisha aibu inamfukuza nyumbani. Mtoto mkubwa anachanjwa mkononi maneno ya kumtangaza kuwa baba yake ni mwizi. Anakua na alama hiyo, anabeba mizigo bandarini, na hatimaye anatajirika kwa magendo. Mdogo wake anakuwa polisi. Wanapokutana usiku chini ya daraja, mkubwa anahesabu majumba, magari na fedha zake za benki, anamwuliza mdogo ana nini. Mdogo anajibu kwa maneno machache kwamba yeye anaye mama. Mwenye macho makavu hapo akapimwe na daktari.

Nilimsikia mzee mmoja wa Parklands akiubishania mkasa huu na kijana wa chuo kikuu. Mzee huyo zamani alikuwa akikodisha kanda za video, siku hizi anauza vifuniko vya simu.

“Mzee, kubali tu, Sholay ilidhulumiwa,” kijana alimwambia.

“Kijana wangu, Deewaar umeitazama yote, ama umeona vipande vya dakika mbili kwa simu?”

“Vipande, Mzee.”

“Basi wewe ni shahidi wa kusikia. Kaa kwanza.”

Kijana akaketi. Mzee akamwambia hivi: mwaka 1968 kaka yake mkubwa alipanda ndege kwenda Leicester. Wengi waliondoka siku hizo, kwa sababu Uingereza ilikuwa mbioni kupitisha sheria ya kuwafungia mlango Wahindi wa huku waliokuwa na pasi zake, na Machi mwaka huo ikaipitisha kweli. Kaka akapata nyumba, akapata gari, akawa anatuma picha. Mzee alibaki Parklands na mama yao mpaka alipofariki.

“Nilipoiona Deewaar pale Shan, nilitoka nje nimesimama wima,” alisema. “Sasa wewe niambie, tuzo ile ilikuwa ya Yash Chopra ama ilikuwa yangu?”

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu, “Na kaka yako, Mzee, yeye anapenda gani?”

“Yeye? Sholay!” Mzee akacheka mpaka akajifuta macho. “Kila Diwali ananipigia simu tugombane.”

Msomaji mpenzi, hapo ndipo utajua kwamba watu wakibishana juu ya filamu, mara nyingi hawabishani juu ya filamu. Ndugu wawili ambao hawajapata kuulizana waziwazi nani alimwacha mama na nani aliitafutia familia riziki, wamepata mahali pa kuulizana bila kuumizana. Mmoja anaitetea hadithi ya aliyebaki. Mwingine anaitetea hadithi ya marafiki wawili waliokwenda kupigana ugenini. Sitawaambia waache. Ubishi huo ni daraja, na simu ya Diwali ina thamani kuliko kombe lolote.

Hata hivyo, mizani ya moyo si mizani ya jopo, na ukurasa huu hauwezi kuikimbia hukumu. Mwaka 2005, Filmfare ilipoadhimisha tuzo zake za 50, iliipa Sholay tuzo maalumu ya filamu bora ya miaka 50. Hapo mashabiki wakapiga vigelegele: wamekiri! Na kweli, mantiki inakwama. Filamu ikiwa bora kupita zote za miaka 50, itakosaje kuwa bora katika mwaka wake?

Jibu langu ni kwamba mizani ilibadilishwa. Mwaka 2005 walipima alama iliyobaki: nani angali anakumbukwa, nani angali anaigwa, jina la nani wanatishiwa watoto wasiolala. Kwa mizani hiyo, Sholay haina mpinzani. Mwaka 1976 swali lilikuwa tofauti: kati ya kazi za mwaka huu, ipi imekamilika zaidi? Kwa mizani hiyo mimi nasimama na Deewaar. Hadithi yake haina tawi la kupogoa. Kila linalotokea mwanzoni linadai malipo mwishoni, mpaka mkubwa anapofia mapajani mwa mama yake hekaluni, kwa risasi ya mdogo wake. Sholay ina sehemu za kuchekesha ambazo ukizikata hadithi haipotezi kitu. Isitoshe, mwisho wake haukuwa ule walioutaka wenyewe. India ilikuwa katika Hali ya Hatari, na wakaguzi hawakukubali Thakur amuue Gabbar kwa miguu yake. Wakaamuru polisi waingie na kumkamata. Mwisho wa asili ulirudishwa katika nakala iliyotengenezwa upya na kuonyeshwa Bologna, Italia, Juni 2025. Waliopiga kura mwaka 1976 hawakupata kuuona.

Lakini kuna tuzo moja ambayo nakubaliana na kijana: ya mwigizaji msaidizi. Shashi Kapoor alifanya kazi nzuri, ila yeye katika Deewaar ni nusu ya hadithi nzima, si msaidizi. Amjad Khan alikuwa akiwania tuzo hiyo hiyo. Alionekana kwa muda mfupi kuliko wenzake, na bado kila mtu hutoka ukumbini akiongea kama yeye. Ikiwa huo si usaidizi bora, basi sijui ni upi.

Usidhani kesi ni hiyo moja. Mwaka 1973 Filmfare iliipa Be-Imaan tuzo ya filamu bora, na muziki wa filamu hiyo, wa Shankar na Jaikishan, ukatangazwa kuwa bora. Iliyoshindwa ilikuwa Pakeezah ya Kamal Amrohi, iliyochukua takriban miaka 15 kukamilika. Meena Kumari, nyota wake, alifariki Machi 1972, wiki chache tu baada ya kutoka. Ghulam Mohammed, aliyeitungia nyimbo, alikuwa amekwisha kufariki tangu 1968. Pran, aliyeshinda tuzo ya mwigizaji msaidizi kwa sababu ya Be-Imaan yenyewe, alikataa kuipokea. Alisema tuzo ya muziki ilistahili kwenda kwa Ghulam Mohammed. Tafakari jambo hilo. Mtu anakataa kombe lake kwa ajili ya marehemu asiyeweza hata kumshukuru. Leo jiulize ni nyimbo za ipi zinazopigwa harusini Parklands, za Be-Imaan au za Pakeezah? Hapo sina haja ya kutoa hukumu, wapiga ngoma wameshaitoa.

Sasa tuje kwetu hasa. Ikiwa wa Parklands wana Sholay yao, Nairobi nzima ina Out of Africa. Filamu hiyo ya Sydney Pollack ilipigwa hapa Kenya, kwa kufuata maandishi ya Karen Blixen, yule mama wa Kidenmaki aliyelima kahawa chini ya Milima ya Ngong. Machi 1986 ilitwaa tuzo saba za Oscar, ikiwamo ya filamu bora. Nyumba aliyoishi Blixen ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka huo huo, na watalii wanaifuata mpaka leo. Tulijivunia, na nani atatulaumu?

Lakini hebu tazama iliyokuwa upande wa pili. The Color Purple ya Steven Spielberg, hadithi ya wanawake weusi wa kusini mwa Marekani, iliteuliwa kuwania tuzo 11 usiku ule. Ilitoka mikono mitupu. Whoopi Goldberg hakupata, Oprah Winfrey hakupata, Margaret Avery hakupata. Spielberg mwenyewe hakuteuliwa hata kuwania uongozaji bora.

Katika Out of Africa milima ni yetu, mbuga ni zetu, machweo ni yetu. Malick Bowens, aliyeigiza Farah, anasimama kwa heshima kubwa. Iman, mzaliwa wa Somalia aliyewahi kusoma Chuo Kikuu cha Nairobi, anaonekana kidogo akapita. Hata hivyo, Mwafrika katika filamu ile anangoja mlangoni. Anaitwa, anaitika. Hatuambiwi anaota nini akilala. Katika The Color Purple, mwanamke mweusi ndiye anayesimulia, ndiye anayeumia na ndiye anayeinuka. Ina kasoro zake, na wapo Wamarekani weusi walioilalamikia kwa namna ilivyowachora wanaume. Lakini ukiniuliza ni ipi ilistahili, nitakujibu bila kusita ingawa mandhari ya nyumbani yananivuta shati: The Color Purple. Kupendeza kwa nchi yangu si kazi ya mwongozaji. Milima ya Ngong aliikuta pale.

Basi tukibishana, tubishane vipi? Nawapa wazazi na wanafunzi kanuni nne, ambazo zitawafaa hata katika midahalo ya shule.

Kwanza, tazama filamu zote mbili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Asiyeonja mchuzi hana ruhusa ya kuulaumu.

Pili, itaje mizani yako kabla hujatoa hukumu. Unapima umaarufu, ufundi, au uzito wa ujumbe? Wawili wenye mizani tofauti watakesha wakibishana, na wote wawili wakawa sahihi.

Tatu, usiwahukumu wa jana kwa yaliyojulikana leo. Waliopiga kura 1976 hawakujua kwamba Sholay ingeendelea kuonyeshwa Minerva hadi mwaka 1980.

Nne, usilifanye kombe kuwa Msahafu. Rishi Kapoor mwenyewe aliandika katika kitabu cha maisha yake, mwaka 2017, kwamba ujana ulimdanganya akalipa fedha ili apate tuzo ya uigizaji, enzi za filamu yake Bobby. Kombe linaweza kununuliwa. Kumbukumbu ya mtazamaji haiuzwi dukani.

Na kwa nini nasisitiza wanafunzi? Kwa sababu zamu yetu imefika. Tangu 2009 tunazo tuzo zetu za Kalasha. Mwaka 2012 Kenya ilipeleka filamu kwenye Oscar kwa mara ya kwanza, Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga. Haikuteuliwa, lakini Joseph Wairimu alitangazwa mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huo huo. Mwaka 2018 tukapeleka Supa Modo ya Likarion Wainaina, hadithi ya mtoto mgonjwa ambaye kijiji kizima kinaungana kumtimizia ndoto yake. Je, ngapi kati ya familia zinazosoma ukurasa huu zimeziona filamu hizo mbili? Tunajua kila risasi iliyolia Ramgarh, na hatujui kijana wa Nairobi aliyeigizwa na kijana wa Nairobi. Tusipozitazama, tusipozibishania mezani mpaka chai imwagike, nani atazikumbuka nusu karne ijayo? Mtu hawezi kudai haki ya filamu ambayo hakuiona.

Kwa hiyo Jumapili hii, baada ya chakula cha mchana, zimeni simu na mchague filamu mbili: moja ya wazee, moja ya vijana. Mzitazame pamoja. Kisha kila mmoja, hata kitinda mimba, aseme angempa nani tuzo na kwa nini. Mzee asikatize, na kijana asidharau. Huenda mkagundua kwamba Baba analilia kitu ambacho hajawahi kukisema.

Nawe msomaji, niandikie: Sholay au Deewaar? Out of Africa au The Color Purple? Sitaki jina la filamu peke yake, nataka na mizani uliyotumia. Jumapili njema.